Mrija wa Ireri na Leso Niliyovishwa

Mlinialika, nyinyi wauguzi vijana, nije kuwafundisha kuosha kamera za kuchungulia tumboni, mkanipa kiti cha plastiki na soda moto, na kabla sijafika nusu ya somo wawili wenu walikuwa wameshainamia simu. Sikuwakasirikia sana. Enzi zetu hatukuwa na simu, lakini saa ya ukutani tuliitazama vilevile. Nikarudi nyumbani nikaona afadhali niwaandikie, kwa sababu karatasi haioni mtu akipiga miayo, na kwa sababu kuna jambo ambalo siku ile lilinifika kooni nikalimeza pamoja na ile soda.

Kwa wale ambao hawakuniuliza jina, mimi ni Sista Kawira. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha kamera kwa zaidi ya miaka ishirini, katika hospitali moja ya huku juu Meru ambayo sitaitaja. Nimestaafu nikiwa na mgongo mbovu kwa ajili ya zile aproni za risasi tunazovaa kujikinga na eksirei, na watu wakiniuliza kama ninaikumbuka kazi huwa ninasema naam, hasa asubuhi ninapojaribu kuinuka kitandani.

Wengi wenu mmezoea kamera ya kuangalia vidonda vya tumbo. Hiyo ni kazi ya mtoto. Mimi nazungumzia mpira ule mwingine, wenye jicho la ubavuni, unaoshuka mpaka pale utumbo unapopokea maji ya nyongo na ya kongosho. Kongosho likiugua miaka mingi, mfereji wake hubana, mawe madogo hujijenga ndani, na maji ya kusagia chakula hukosa pa kutokea. Mgonjwa wake mtamjua hata kabla hajafungua mdomo. Hakai wima. Ameinama mbele, amelikumbatia tumbo kwa mikono miwili, amekonda, na akienda chooni mafuta yanaelea. Daktari hupanua mlango wa mfereji huo, huvuta mawe kwa kikapu kidogo cha waya, kisha husukuma ndani mrija mwembamba wa plastiki ili njia isizibe tena. Maumivu yaliyomlaza mtu miaka mitano yanaweza kwisha kwa asubuhi moja.

Na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mrija ule si wa kudumu. Baada ya miezi mitatu hivi unatakiwa kutolewa au kubadilishwa. Ukiachwa unaziba, uchafu unalala ndani, na ugonjwa unarudi ukiwa na hasira.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mzee Kinoti, fundi wetu wa kuosha kamera, mtu wa Nkubu, mkali kama pilipili kichaa. Hakuwa na cheti hata kimoja cha uuguzi na alituzidi sote. Kwenye ncha ya mpira ule kuna kijiko kidogo kinachoinua waya wa kuongozea mrija. Kinoti alikuwa akimaliza kuosha, anapitisha mswaki nyuma ya kijiko mara ya tatu, kisha anauweka mswaki kwenye kitambaa cheupe mbele ya macho yako. Ukiona hata doa, unaanza upya. Nilimwambia siku moja kwamba wagonjwa wanangoja. Akaniuliza kama ningekubali kulishwa kwa kijiko ambacho jirani amekilamba, nikaanza upya.

Kinoti ndiye aliyeanzisha kitabu cha mirija. Kitabu cha kawaida cha shule, chenye jalada gumu, kilichopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Jina, kijiji, simu, siku ya kuingia, siku ya kutoka, maelezo. Alitaka uandike siku ya kutoka kabla ya kuandika hata jina. Alisema jina mtu analo hata akilisahau, lakini mrija ukiusahau hauna wa kuusemea.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilipopewa kushika waya, Daktari wetu, aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi, alikuwa ametafuta mlango wa kongosho karibu saa nzima. Hatimaye waya ukaingia. Mimi kwa furaha nikauvuta kidogo ili ukae vizuri. Ukatoka wote. Daktari hakupaza sauti. Alisema, "Sista, nilikuwa nimefika Nkubu. Umenirudisha Embu." Kisha akaendelea kutafuta, jasho likimtoka chini ya aproni. Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba msaidizi havuti wala hasukumi mpaka aambiwe, na macho yake yako kwenye eksirei, si kwenye uso wa daktari.

Sasa nije kwa Ireri.

Aliletwa na mkewe, Wanjuki, kutoka sehemu za Kiambere, kule chini bwawa lilipo, ambako mtu analima ndengu na mtama na kuomba mvua. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri, Kiritiri, Embu, Chuka, mpaka kwetu. Alikuwa hajafika miaka arobaini lakini ukimtazama kwa nyuma ungemwita babu. Aliketi kwenye benchi la nje ameinama, kichwa karibu na magoti. Nikasoma barua yake. Aliyemtuma alikuwa ameandika kwamba ni mnywaji.

Nataka mjue vile nilivyokuwa siku zile. Nilikuwa nimewaona wanaume wengi walioharibiwa kongosho na pombe chafu, na nilijiona najua wote. Nikamwambia mbele ya benchi zima, watu zaidi ya kumi wakisikia, kwamba kama anataka kupona aanze kwa kusema ukweli, maana sisi hatupotezi mirija yetu kwa walevi.

Akainua kichwa kwa taabu. "Sista, mimi ni shemasi. Sijawahi onja pombe."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikamwambia wote husema hivyo.

Mkewe ndiye aliyenijibu, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Siku ya mahari yangu alipewa pembe ya muratina na baba yangu, akakataa. Baba hakumwongelesha mwaka mzima. Wazee walisema amewatukana. Kama angekuwa wa kuonja, angeonja siku hiyo."

Huku kwetu, mwanamume anayeikataa pembe ya baba mkwe mbele ya wazee hadanganyi kuhusu pombe. Hata Daktari alipokuja alinieleza, kwa upole, kwamba kuna makongosho yanayougua bila tone la pombe, mengine kwa kurithi, mengine bila mtu yeyote kujua ni kwa nini. Alikata lile neno kwenye faili. Mimi sikumwomba Ireri msamaha. Nilimletea blanketi, nikajiambia linatosha.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko nyingi. Alilala kifudifudi, akapewa dawa ya usingizi, na safari hii waya niliushika kama yai. Mawe mawili yalitoka, meupe, madogo kama punje za mtama. Mrija ukaingia. Kinoti alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini niliandika siku ya kutoka kwanza, kama alivyonifunza, kisha jina.

Halafu nikafanya kosa ambalo nyinyi mnalifanya kila wiki, nimewaona kwa macho yangu siku ile mliponialika. Nilimweleza Ireri kuhusu mrija nusu saa baada ya kuamka. Alikuwa amefungua macho, anaitikia kwa kichwa, anasema ndiyo Sista, ndiyo Sista. Ile dawa humfanya mtu azungumze kama mzima na asikumbuke neno hata moja kesho yake. Nilijua hivyo. Wanjuki alikuwa ameenda kantini kutafuta chai. Ningemngoja dakika kumi. Lakini kulikuwa na wagonjwa wengine wawili, na mimi nilikuwa nimechoka kumtazama mtu niliyemwita mlevi. Nikawapa karatasi ya kwenda nayo nyumbani, kila kitu kimeandikwa, kwa Kiingereza. Wanjuki aliporudi aliikunja vizuri akaiweka ndani ya Biblia.

Ireri akapona. Akala, akanenepa, akarudi shambani. Karibu miezi mitatu baadaye akanipigia simu, sauti nzito ya mtu mwenye afya, kunialika kwenye ibada ya shukrani kanisani kwao, karibu na Kiritiri. Alisema watachinja mbuzi na hawawezi kumla bila mimi. Siwezi kusema niliitikia kwa ajili ya mrija. Nilijua siku ya kutoka inakaribia, na nilijiambia nitamkumbusha hukohuko. Lakini mbuzi wa Mbeere analishwa na jua na miti ya porini, na mimi nilikuwa na miaka sijamla. Nikaenda.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Ireri alisimama mbele, wima kabisa, suti imembana kifuani. Akaeleza vile watu wa soko walivyomwita mlevi kwa siri, vile hata shemasi mwenzake aliacha kumpa sinia la sadaka. Wengine walianza kulia. Niliona kina mama wakitazamana, nikaelewa kwamba hii haikuwa shukrani ya kupona tu. Ilikuwa siku ambayo mtu huyu anarudishiwa jina lake mbele ya wale waliomnyang'anya. Kisha akasema, "Nilienda Meru na mawe, wakatoa mawe. Leo hakuna kitu ya ugonjwa imebaki ndani yangu. Hakuna hata kitu moja."

Alikuwa hajui. Hakuwa anajisifu wala kujidanganya, alikuwa hajui kabisa kwamba ana mrija tumboni, na mtu pekee ndani ya kanisa lile aliyejua alikuwa mimi.

Mchungaji akaniita nisalimie watu. Kina mama wakanijia wakiimba na kucheza, wakanifunga leso mpya mabegani, ya rangi ya chungwa, wakanizungusha, wakanipa maikrofoni. Mnajua vile mambo haya yanavyokuwa. Mgeni akivishwa leso, lililobaki ni kusema Bwana asifiwe na kushukuru.

Nilikuwa na maneno tayari. Yalikuwa machache: Ireri amepata nafuu, lakini kuna mrija wa plastiki ndani yake na lazima utolewe mwezi huu. Ningeweza kuyasema kwa pumzi moja. Nikawatazama wale waliomsengenya. Nikawaza watasema, kumbe bado ni mgonjwa, kumbe muujiza ni nusu. Nikawaza mimi, niliyekuwa wa kwanza kumwita mlevi mbele za watu, ndiye tena wa kumvunjia siku yake mbele za watu. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema Mungu wetu ni mkuu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao, leso ikiniteleza begani.

Nilikula mbuzi. Alikuwa mtamu, msifikiri nilishindwa kula. Walinifungia na mbavu za kwenda nazo. Nilipokuwa naondoka nilimshika Wanjuki mkono, kelele zikiwa nyingi, nikamwambia waje kliniki, kuna kitu Daktari anataka kuangalia. Akasema watakuja wakishavuna ndengu. Nikasema sawa. Kwenye gari nilijipongeza kwamba nimesema. Lakini kumwambia mtu "kuna kitu" si kumwambia chochote. Alikuwa na ndengu zinazokauka shambani, ungetaka afanye nini?

Jumatatu nilifungua kitabu cha mirija. Mbele ya jina la Ireri, kwenye maelezo, nikaandika neno moja: ameelezwa.

Tena kwa kalamu ya wino.

Mwezi uliofuata kamera yetu kubwa iliharibika. Waya wa ndani unaoinua kile kijiko ulikatika, mpira ukapelekwa ng'ambo kutengenezwa, na Daktari akasimamisha safari zake. Nikapata kisingizio. Kila nilipokumbuka kumpigia Ireri nilijiuliza nimwite aje kufanyiwa nini na kamera haipo. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Mkia wa mrija huwa umetokeza ndani ya utumbo. Kamera ya kawaida, ile ya vidonda vya tumbo, ambayo tulikuwa nayo na ilifanya kazi kila siku ya wiki, inaufikia, inaushika na kuuvuta nje. Nilikuwa nimeona hivyo mara kadhaa. Nilijua, na bado nilijificha nyuma ya mpira uliovunjika.

Ndengu zilivunwa. Zikapandwa nyingine. Siku moja nikiwa Gakoromone nachagua viazi nilimwona mwanamume mwenye mgongo kama wa Ireri, nikazunguka upande mwingine wa soko ili tusikutane. Hakuwa yeye. Nilirudi nyumbani na viazi vilivyooza, maana sikuvitazama.

Alirudi baada ya karibu mwaka mzima, amelazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro. Alikuwa anatetemeka kwa homa, ngozi imekauka, ameinama vilevile kama siku ya kwanza. Daktari alikuwa amerejea wiki hiyo. Eksirei ilionyesha mrija wazi kabisa, pale tulipouacha. Daktari akanitazama mara moja, akafungua kitabu, akaona lile neno, akakifunga. Hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Nilikwenda kumwandaa Ireri. Ilibidi nimweleze tunachokwenda kufanya, na safari hii nilimweleza kabla ya dawa, mkewe akiwa kando, kwa Kiswahili, pole pole, kama nilivyotakiwa kufanya mwanzo. Nilisema tutautoa ule mrija.

Akanitazama sana. "Kwani hiyo kitu ilikuwa bado ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Na ile siku ya kanisa?"

Nikasema ndiyo, hata siku ile.

Aligeuza uso ukutani. Wanjuki alikuwa ameshika ile Biblia, na nikaona ncha ya karatasi yetu imechungulia katikati ya kurasa.

Mrija ulitoka kwa dakika chache, kwa kamera ya kawaida. Ulikuwa mweusi, umeziba kabisa, na usaha ukafuata nyuma yake. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Tulimpa dawa zote tulizokuwa nazo. Aliishi siku mbili, na katika siku hizo mbili alimwuliza kila mtu jambo lake, daktari, mpishi, mtu wa kufagia, ila mimi hakuniuliza neno.

Nilikwenda mazishini nikakaa nyuma. Hakuna aliyeniita kusalimia watu. Baadaye nilimfuata Wanjuki jikoni, nikamwambia yote, kuanzia benchi mpaka kitabu, na nikatoa leso ndani ya mkoba nikataka kumrudishia. Alikuwa anapepeta mchele wa wageni. Aliendelea kupepeta.

"Hiyo tulikupa kanisa yote ikiona," alisema. "Ukitaka kurudisha, rudisha kanisa yote ikiona."

Nikaikunja nikaondoka nayo. Hiyo ni miaka sita sasa. Nilipostaafu, hospitali ilinifanyia sherehe, wakanivisha leso nyingine, wakanipa maikrofoni nyingine. Mkurugenzi alisema sijawahi kupoteza mrija hata mmoja, na kwamba kitabu changu ni mfano kwa vijana. Mlikuwepo baadhi yenu. Nilisema Bwana asifiwe, mkapiga makofi.

Kitabu chenyewe kipo. Kiko kwenye kabati la chumba cha kamera, rafu ya chini, nyuma ya katoni za glavu. Mkikifungua mtaona mstari wa Ireri umejazwa wote. Siku ya kuingia ipo. Siku ya kutoka ipo, ile ya miezi mitatu niliyoitanguliza kabla ya jina. Hakuna mkaguzi atakayeona kosa. Nawaomba mtafute ule mstari, msiufute, msichane karatasi. Pale nilipoandika ameelezwa, andikeni kando yake, kwa wino, kwamba hakuelezwa, na kwamba aliyesema hivyo ni Sista Kawira.

Hilo la kitabu nawaachia nyinyi. La leso ya chungwa ni langu. Nimeifua na kuipiga pasi, na ibada ya Kiritiri huanza saa nne.